Mkokoteni wa kutolea kulungu porini, nichukue wa gurudumu moja au mawili?

BabaNeema_Erie

Habari zenu ndugu zangu, na shikamoo kwa wakubwa. Nipo Erie, Pennsylvania, huu ni mwaka wa tatu nawinda na swali langu ni la ule mkokoteni wa kubebea kulungu kutoka porini mpaka kwenye gari. Msimu wa bunduki unafungua ile Jumamosi baada ya Thanksgiving, ile sikukuu ya kushukuru ya Novemba, kwa hiyo nina kama wiki tatu za kuamua, nimeangalia onlaini mpaka macho yanauma, kila mmoja umeandikwa unabeba paundi 500 na kila mmoja una watu wanausifu na watu wanaulaani.

Niwaeleze kwanza mahali penyewe maana najua mtauliza. Nawinda kwenye State Game Lands, yale mapori ya jimbo ya kuwindia, kuna geti la chuma, gari unaliacha pale pale na hakuna kuingia ndani na kitu chenye injini, kwa hiyo mambo ya pikipiki ya magurudumu manne tusiyaongelee kabisa. Ukishavuka geti kuna barabara ya zamani ya wakata magogo, maili moja na nusu hivi, ina majani na madimbwi na sehemu moja mti mkubwa umeanguka katikati. Halafu unaacha barabara unashuka bondeni yadi kama 400 mpaka kwenye mti wangu, na huko ndiko kwenye shughuli, mawe yamefunikwa na majani huyaoni, magogo yaliyooza, miti myembamba imebanana na kijito kidogo cha kuruka.

Mwaka jana nilimpata dume saa nne asubuhi. Nikajaza tagi ya kibali changu nikaifunga sikioni mwake kabla sijamsogeza, nikamtumbua, nikafunga kamba kwenye pembe nikaanza kuvuta peke yangu. Nilianza kwa hatua 20 napumzika, zikawa 15, mwisho ni hatua tano tano. Kuna mahali kwenye kile kipandio nililala chali juu ya majani moyo unapiga mpaka nausikia masikioni, nikawa nawaza mke wangu hajui hata nipo upande gani wa msitu huu. Gari nililifikia saa kumi na moja giza limeshaingia. Bucha alimpima akapata paundi 132, kama kilo 60 hizo, bila matumbo. Ubavu mmoja manyoya yameisha yote na paja la nyuma limepondeka, kipande kikubwa akakikata akatupa mbele yangu. Kile kipande kiliniuma kuliko mikono, maana mnyama umemtoa uhai halafu nyama yake unaimalizia kwenye mawe.

Sasa ninaouzungushia macho ni wa magurudumu mawili ya inchi 20 ya upepo yenye spoki kama ya baiskeli, mwingine wa magurudumu mawili ya inchi 16 ya mpira mzito usiopata pancha, na ule wa gurudumu moja katikati wenye mikono mbele na nyuma. Bajeti yangu dola 150 mwisho. Mara nyingi nakuwa mwenyewe. Nyie mmetumia upi na umewafanyia nini?

Mzee_wa_Marikiti

Marahaba mwanangu, na pole kwa hiyo kazi. Mie niko Ohio, nawinda Wayne National Forest huku kusini mashariki kwenye vilima, mwaka wa tisa huu. Lakini mkokoteni nimeujua kabla sijaijua Ohio, ami yangu alikuwa hamali Mombasa pale Marikiti na mimi shule zikifungwa nilikuwa nyuma yake nasukuma, kwa hiyo haya nayosema yana jasho ndani yake.

Hiyo paundi 500 iliyoandikwa kwenye boksi wewe isahau. Hiyo ni kwenye sakafu ya simiti. Porini mkokoteni hauvunjiki kwa uzito wa mnyama, unavunjika kwa ule mshindo gurudumu likiteremka kutoka juu ya jiwe na mzigo umo. Wewe una mnyama wa kilo 60, mkokoteni wowote wa chuma utambeba, tizama vitu vingine.

Kwanza gurudumu. Chukua la inchi 20, kubwa kuliko hilo ukipata bora zaidi. Gurudumu dogo likikuta gogo linagonga, kubwa linapanda, na ekseli inakuwa juu haikwaruzi mawe. Halafu la upepo, usiujaze sana, acha tairi liwe laini kidogo ukilibonyeza na dole gumba, litameza yale mawe badala ya kukurushia mikononi. Ule mpira mzito kweli haupati pancha lakini kila jiwe utalisikia kwenye bega na ni mzito bure. Kwa miiba, na huku kuna ile waridi mwitu yenye miiba kama ndoana, tia gundi ya maji ndani ya tyubu kabla ya msimu na beba kipampu kidogo. Mimi sijawahi kukwama kwa pancha.

Nilichokwama nacho ni pini. Hii mikokoteni ya kukunja, magurudumu yanashikwa na kipini chembamba cha waya kilichochomekwa kwenye tundu mwisho wa ekseli. Mwaka wangu wa pili niko nateremka na jike, kitawi cha mti au kijiti sijui kikakivuta kile kipini, gurudumu la kulia likachomoka likabiringika bondeni na mkokoteni ukalala ubavu. Gurudumu nililipata, pini sikuipata, wewe tafuta pini ya waya kwenye majani ya mwaloni mwezi wa kumi na mbili uone. Nilifunga kwa waya wa bendera ya rangi ya chungwa nikafika usiku. Tangu hapo ukinunua mkokoteni siku ya kwanza nenda dukani chukua bolti mbili za kupita pale na nati zenye nailoni ndani ambazo hazilegei zenyewe, zile pini zao weka mfukoni za akiba.

La mwisho ni namna ya kupakia, hapa ndipo wengi wanaharibu halafu wanasema mkokoteni mbaya. Kichwa kielekee kwako, kifua kikae juu ya ekseli kabisa, si mbele si nyuma. Ukiinua mikono usikie uzito kama ndoo ya maji nusu. Ukisikia mzito zaidi ya hapo msogeze nyuma, ukisikia mkono unataka kuruka juu msogeze mbele. Miguu ikunje uifunge, maana mguu ukilegea ukaingia kwenye spoki gurudumu litasimama na wewe utaendelea. Pembe zifunge juu kwenye fremu. Na kufunga usitumie kamba ya nailoni peke yake, inateleza ikiroa damu, tafuta tyubu kuukuu ya baiskeli uikate vipande virefu kama tunavyofunga mizigo nyumbani, inavutika na kubana, na vipande vidogo zungushia pale vyuma vinapogongana ili mkokoteni usipige kelele wakati unaingia asubuhi.

Mteremkoni usiukumbatie kwa nguvu za kifua. Hamali akishuka na magunia hauzuii mkokoteni kwa mikono, anainua ile mikono juu, nyuma inainama, na nyuma pale pamefungwa kipande cha tairi kinasugua chini. Hiyo ndiyo breki. Mimi nimefunga kipande cha tairi nyuma ya wangu huku Ohio na watu wa hapa wananisimamisha kuniuliza ni nini kile.

kipepeo77

Jambo moja tu na ni muhimu kuliko gurudumu: ukishampakia mfunge kitambaa cha rangi ya chungwa kwenye pembe na kingine mgongoni. Pembe zinazotembea katikati ya majani mtu wa mbali haoni mkokoteni anaona dume. Wewe mwenyewe Pennsylvania wanataka inchi za mraba 250 za chungwa kichwani, kifuani na mgongoni, usizivue hata kama umepata joto ya kuvuta. Na bunduki itoe risasi kabla hujashika mikono ya mkokoteni.

Mtoto_wa_Goma

Jambo yaya, kaka yangu Baba Neema, mimi pia niko hapa hapa Erie! Sikujua kama kuko mutu mwingine wa kwetu anawinda.

Mimi niko na ule wa gurudumu moja na nitakuambia sababu. Mimi nilikulia Goma, Kongo, na kule tuko na chukudu, wote mnaijua, ile ya mbao ya magurudumu mbili moja mbele moja nyuma, na tairi imepigiliwa juu ya mbao. Mutu anatoka nayo juu kwenye vilima na mizigo ya viazi na makala ya moto kilo mamia mpaka sokoni, na njia yenyewe ni ya mawe ya volkano. Hata sanamu yake iko katikati ya mji. Kwa nini chukudu inapita mahali mkokoteni wa magurudumu mawili haupiti? Juu ya kuwa iko na njia moja tu ya gurudumu. Unachagua jiwe la kukwepa moja, huchagui mawili. Mkokoteni wa magurudumu mawili, upande wa kushoto unakwepa na wa kulia unapanda, na mlima ukiwa wa kukata kwa ubavu gurudumu moja liko juu lingine chini, muzigo unapinduka. Hapo kwenye yadi zako 400 ninaona ndipo utapinduka.

Lakini nakuambia ukweli wote: ule wa gurudumu moja peke yako hapana. Unataka watu wawili, mmoja mbele anavuta mwingine nyuma anashika usawa. Nilijaribu mwenyewe mara moja, kwenye tambarare ilienda vizuri, nikisimama kupumzika tu unaanguka, na kumsimamisha tena mnyama wa kilo 60 amelala na mkokoteni juu yake ni kazi mara mbili. Mwisho nikaegemeza kwenye mti kila nikipumzika, kwa hiyo napumzika mahali mti uko si mahali nimechoka.

Kama unaenda peke yako chukua wa mawili. Kama unaenda na mimi tutatumia wangu na wako ubakie barabarani. Niandikie kwenye ujumbe wa faragha.

Boise_Mlimani

Idaho hapa. Sisi tunawinda mbali sana, mkokoteni niliuuza mwaka wa kwanza, tunakata mnyama vipande palepale tunabeba mgongoni kwenye fremu, safari mbili tatu. Kwa kulungu wa kilo 60 baada ya kutoa mifupa unabaki na mzigo mtu mmoja anabeba kwa shida lakini anabeba. Ila soma kitabu cha sheria cha jimbo lako kwanza kabla hujapiga kisu, kila jimbo lina yake kuhusu kichwa, tagi na ushahidi wa jinsia, yaani kama ni dume au jike, huku kwetu ushahidi wa jinsia lazima ubaki kwenye nyama.

Na jambo ambalo wengi hawalijui, yale maeneo yaliyotengwa chini ya Wilderness Act ya 1964, ile sheria ya nchi nzima ya kulinda mapori, huruhusiwi kuingia na mkokoteni wa kulungu hata kama unausukuma kwa mikono. Si injini tu, ni chochote chenye gurudumu, baiskeli pia, isipokuwa kiti cha magurudumu cha mlemavu. Huku tuna pori la namna hiyo liitwalo Frank Church, zaidi ya ekari milioni mbili, na nimeona watu wanageuzwa njiani na mikokoteni mipya. Kwenu kule nadhani mnayo Hickory Creek ndani ya Allegheny National Forest, ni hivyo hivyo. State Game Lands ni kitu kingine, hapo huna tatizo.

BabaNeema_Erie

Asanteni sana jamani, sikutegemea majibu haya. Mzee wa Marikiti hiyo ya breki ya tairi nimeisoma mara tatu, nakumbuka kuona Mombasa nikiwa mdogo na sikuwahi kujua kile kipande cha mpira nyuma ni cha nini. Boise nashukuru, mwakani nilikuwa nimepanga kwenda Hickory Creek na ningeenda nao.

Swali kwa mzee: hizo yadi 400 mwanzoni, wewe ungeingia na mkokoteni mpaka kwa mnyama au ungemvuta kwanza mpaka barabarani? Mtoto wa Goma amenitia wasiwasi na kupinduka.

Mzee_wa_Marikiti

Mimi naingia nao mpaka kwa mnyama. Kumvuta kwa kamba yadi 400 kwenye kipandio ndiko kulikokulaza chali mwaka jana, huko barabarani ulikuwa umeshakwisha. Sehemu ya kukata mlima kwa ubavu usikate, panda moja kwa moja, na pale huna budi kukata, funga kamba kwenye fremu upande wa juu, izungushe mti, uwe unaiachia pole pole. Polepole lakini mnyama hagusi jiwe. Huyo kijana wa Goma anasema kweli kwa mlima wake, kila mtu na mlima wake, lakini kwa mtu mmoja pekee magurudumu mawili.

Dada_Nesi_Lewiston

Shikamoo mzee, samahani nakupinga kidogo kwa heshima zote.

Mimi niko Maine, mume wangu ndiye mwindaji lakini kila mwaka kumtoa mnyama tunaenda wote na shemeji. Mkokoteni tunao, wa magurudumu mawili, na bado ndani ya msitu hatuutumii. Tunatumia sledi ya plastiki, chombo cha kuburuta kisicho na magurudumu, ile ndefu yenye kingo za juu wanayoitumia wavuvi wa kwenye barafu. Mkokoteni unaachwa barabarani. Sledi haina ekseli ya kukwama, inapita juu ya gogo linaloteleza, kati ya miti inapita maana ni nyembamba, na mnyama yuko ndani kama kwenye beseni hakuna paja la kupondeka. Mkifika barabarani mnainua sledi yote na mnyama ndani mnaiweka juu ya mkokoteni mnafunga. Dola 50 au 60 tu. Kukiwa na theluji zaidi ya kiatu mkokoteni hausogei kabisa, theluji inajaa kwenye spoki gurudumu linakuwa kama keki, hapo ni sledi peke yake mpaka kwenye gari, na Erie theluji yenu naijua inavyoshuka kutoka ziwani. Kitu kimoja tu, mkishuka mteremko mmoja awe nyuma na kamba, inakimbia na itakupiga visigino.

Sasa niseme lililonifanya niandike. Mimi ni nesi, wodi ya moyo. Baba Neema ulivyosema umelala chali moyo unausikia masikioni nilisoma nikasimama. Kila mwaka msimu ukifungua tunapokea wanaume, na si wazee sana, mtu wa miaka 45 au 50 ambaye mwaka mzima anakaa kwenye gari au kwenye mashine kiwandani, asubuhi baridi mishipa imebana, hajala, kalewa furaha ya mnyama, halafu anavuta kilo 60 mlimani peke yake. Kuburuta mnyama ni kazi nzito kuliko mashine yoyote ya mazoezi tunayompandisha mgonjwa hospitali. Maumivu ya kifua, mkono wa kushoto, taya, jasho baridi, kichefuchefu, ukisikia kimojawapo unaacha mnyama hapo hapo unapiga 911, simu ya dharura. Nyama itaoza itaoza tu. Na nenda upime presha kabla ya hiyo Jumamosi, wiki tatu zinatosha. Mwachie mkeo mahali ulipo kwenye simu, ile ramani ya kushea, na umwambie saa ya mwisho ambayo asipokusikia apige simu.

Hilo la mkokoteni na la sledi nani kashinda mimi halinisumbui, ninachotaka asiburute mtu peke yake.

Mzee_wa_Marikiti

Marahaba binti yangu. Hujanipinga, umenisahihisha. Mimi mwenyewe nina 61 na mwaka jana mwanangu alinikataza kwenda peke yangu nikanuna. Hiyo sledi nitaitafuta.

mkulima_Lancaster

Mimi nina la haraka, ukinunua uliotumika angalia pale fremu inapokunjwa katikati. Shika mikono yote miwili uitikise kama unachuja unga, ikiwa inacheza zaidi ya kidole usichukue, hiyo ikipakiwa inajipinda na magurudumu yanaanza kusugua fremu. Na angalia pale palipochomelewa ekseli, ukiona kutu imejitokeza kama mstari mwembamba huo ni ufa, si kutu. Pia ukiwa upande wetu huku kusini kwenye maeneo ya CWD, ule ugonjwa wa ubongo unaoua kulungu, kichwa na uti wa mgongo huruhusiwi kuvitoa nje ya eneo, angalia ramani ya mwaka huu kabla hujapakia mnyama mzima kwenye gari.

BabaNeema_Erie

Nimerudi na majibu, samahani kwa kuchelewa, nilikuwa shifti za usiku.

Nimeupata uliotumika kwa dola 70, magurudumu mawili ya inchi 20 ya upepo, wa chuma. Niliutikisa kama mkulima alivyosema, wa kwanza niliouendea ulikuwa unacheza nikauacha, huu wa pili umetulia. Pini zimetoka, bolti na nati za nailoni zimeingia, dola nne zote. Nikaongeza sledi dola 55. Jumla bado nipo chini ya 150.

Jumapili nilienda kuujaribu kule kule kwenye barabara yangu, nikapakia mifuko miwili ya mchele ya paundi 50, mmoja wa unga wa 25 na dumu la maji la galoni moja, inakaribia kabisa uzito wa yule dume. Kutoka mwisho wa barabara mpaka getini nilitumia dakika 50 na kupumzika mara mbili. Dakika 50! Mwaka jana kipande hicho hicho kilikula mchana wangu mzima. Mwanzo niliusikia mzito mikononi, nikasimama nikasogeza mifuko nyuma kama shubiri moja, na ghafla ukawa mwepesi, mkono wangu wenyewe ulishangaa, sasa nimeelewa ile ndoo nusu ya mzee. Kwenye ule mti ulioanguka haukupita, nilijaribu kuuinua na mzigo ukalala ubavu mchele ukaenda kwenye matope, kwa hiyo pale tutashusha, tutapitisha sledi juu ya gogo, halafu mkokoteni mtupu, halafu tupakie tena. Bora nimejua sasa kuliko usiku.

Tatizo moja nililolikuta, mimi ni mrefu na mikono ya mkokoteni ni mifupi, gurudumu linanigonga visigino. Nimefunga mkanda mpana kwenye fremu upite kifuani nivute kwa mwili, na ulikuwa unanikata begani, mke wangu akachukua kanga yake kuukuu akaikunja mara nne akaishonea kwenye ule mkanda. Sasa unakaa vizuri. Presha nimepima, daktari kanipa dawa na kuniambia nirudi baada ya wiki mbili, Dada Nesi nakushukuru kutoka moyoni, sikuwa najua kama ninayo.

Breki ya tairi bado, naikata kesho.

Mtoto wa Goma namba yako nimeipata. Jumamosi saa kumi na nusu alfajiri nitakuwa getini, gari nyeupe, nitakuwa na chai. Wa gurudumu moja uache nyumbani, njoo na ile kamba ndefu.

Mtoto_wa_Goma

Sawa yaya. Kamba iko mita 30. Chai usiweke sukari nyingi.